Neema Ishukayo Kitonga

Malori ya shaba hushuka Kitonga kwa gia ndogo. Yametoka Ndola, Kitwe na Kolwezi, yamevuka mpaka Tunduma, yamepita Mbeya, Makambako na Iringa, na sasa, ndani ya Wilaya ya Kilolo, yanajipinda kona baada ya kona kuelekea Ruaha Mbuyuni na bandari ya Dar es Salaam. Yanayopanda yamebeba mafuta, mashine na saruji. Mkazi wa Ilula huyaona yote, ya kwenda na ya kurudi, na pato lake katika msafara huo wote ni tenga la nyanya atakalomuuzia dereva, au kitunguu, au sahani ya ugali.

Nimeifuata njia hii kutoka Kitonga hadi Chunya nikitafuta jambo ambalo vitabu vyetu vya historia hulipita haraka. Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Iringa mwaka 2002, haijawahi kuwa na mgodi wa kusifiwa. Ina mvua, ina ubaridi wa Udzungwa, ina viazi, maharage, mahindi na ulanzi. Hata hivyo kwa miaka 150 maisha ya huku yameendeshwa na mali asili zilizovunwa kwingine: pembe za ndovu, dhahabu, shaba. Kila bei ilipopaa huko, kitu fulani kilihama hapa. Nilitaka kujua ni kitu gani.

Kati ya Ilula na mji wa Iringa, pembeni ya barabara kuu, ipo Lugalo. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, likakimaliza kwa muda mfupi. Zelewski mwenyewe aliuawa, na Wahehe wakabeba bunduki zipatazo 300. Watoto wa shule hufundishwa vita. Hawafundishwi sana biashara iliyolijenga jeshi lile.

Katika karne ya 19 bei ya pembe za ndovu Unguja ilipanda karibu mfululizo, kwa sababu Ulaya na Marekani zilitaka vitufe vya biliadi, vishikio vya visu na funguo za piano. Wakati huohuo bei ya kitambaa cha pamba kilicholetwa na meli, merikani, haikupanda kwa kadiri hiyo. Mwanahistoria Abdul Sheriff alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987 jinsi pengo hilo lilivyowatajirisha wafanyabiashara wa Unguja. Huku bara maana yake ilikuwa kwamba pembe moja ilileta nguo nyingi zaidi mwaka hadi mwaka, na aliyezishika njia za misafara alishika ufunguo wa hazina. Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa, waliujenga utawala wa Uhehe juu ya vita, mifugo, mateka, na udhibiti wa njia hizo. Msafara uliotaka kupita ulilipa hongo. Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, Wajerumani waliikuta ina akiba ya baruti na pembe, vitu viwili ambavyo katika uchumi ule vilikuwa pande mbili za sarafu moja.

Jirani zao wa magharibi, Wafipa, walikuwa wafumaji wa nguo za pamba, kazi ya miezi kwa vazi moja. Merikani ilipomiminika kwa nguvu ya pembe, mfumaji aliyekaa karibu na njia kuu za misafara hakuwa na la kufanya, ilhali aliyekaa mbali, ambako usafirishaji uliifanya nguo ya kigeni kuwa ghali, aliendelea na kitanda chake cha kufumia kwa miaka mingi. Umbali ulikuwa ndio ushuru wake wa forodha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tunapenda kudhani kwamba wingi wa mali ya kuuza nje huvigusa vitu vingine vyote kwa baraka. Pembe zilileta nguo, na nguo zikaondoa wafumaji. Ndovu nao wakapungua. Palipokuwa na ufundi na wanyama pakabaki bunduki.

Kutoka Iringa barabara huenda Mafinga, Makambako, Chimala, kisha Mbeya. Mbeya ni mji mchanga kuliko wengi wanavyodhani. Ulianza mwaka 1927, na ulianzia dhahabu. Dhahabu ya mto Lupa ilikuwa imetangazwa mwaka 1922, upande wa pili wa safu ya milima, na wachimbaji walihitaji mahali pa kununulia unga, sabuni na koleo kabla ya kushuka kwenye joto la Chunya. Mwaka 1932 Mbeya ilikuwa tayari kituo cha ndege za Imperial Airways zilizoruka kati ya London na Cape Town. Ukipanda leo kutoka mjini kwenda Chunya kupitia msitu wa Kawetire, ubaridi unakuuma masikio, kisha ukianza kuteremka unaliona bonde lote la Lupa limetandazwa chini, kavu, la miombo, hadi macho yachoke.

Kilichoivimbisha Lupa kilifanyika London. Shilingi yetu ya wakati huo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na ilifungwa kwenye pauni: shilingi 20 kwa pauni moja, bila kuyumba. Septemba 1931 Uingereza iliitenganisha pauni na dhahabu. Kabla ya hapo aunsi moja ya dhahabu safi ilikuwa na thamani ya shilingi 85 hivi. Kufikia mwaka 1935 ilikuwa karibu shilingi 140. Mchimbaji wa Lupa hakubadili chochote. Mchanga ule ule, karai lile lile, lakini aunsi yake ilizaa shilingi nyingi zaidi. Na miaka hiyohiyo ilikuwa ya mdororo wa dunia: bei ya mkonge ilianguka kwa zaidi ya nusu, kahawa ikaanguka, mahindi yakakosa mnunuzi. Kodi haikuanguka. Mkuu wa wilaya aliitaka kwa fedha taslimu.

Hapo ndipo mikono ilipohama. Maelfu ya vijana wa Unyakyusa, Usafwa, Ubena na Uhehe walikwenda Lupa kuwachimbia Wazungu, ambao wengi wao hawakuwa matajiri hata kidogo. Walikuwa watu waliofilisika mahali pengine, wenye hema, deni dukani kwa Mhindi, na matumaini. Mchimbaji alipokosa dhahabu, kibarua alikosa mshahara.

Wachumi wana jina la mambo haya. Mwaka 1977 jarida la The Economist liliyaita ugonjwa wa Kiholanzi, likiitazama Uholanzi ambayo iligundua gesi nyingi Groningen mwaka 1959 na baadaye ikaona viwanda vyake vinadhoofu huku fedha za gesi zikiingia. Mwaka 1982 Max Corden na Peter Neary waliipanga hoja hiyo vizuri. Sekta iliyovimba huwavuta wafanyakazi moja kwa moja, na wale waliobaki mashambani na viwandani huwa ghali. Kisha fedha yake hutumiwa katika vitu visivyoweza kuletwa kwa meli, kama nyumba, usafiri, vinyozi, baa na ulinzi, na bei za vitu hivyo hupanda na kuvuta watu wengine zaidi. Fedha za kigeni zikiwa nyingi, sarafu ya nyumbani hupata nguvu, na mkulima anayeuza nje kwa dola anapewa shilingi pungufu kwa kilo ileile. Hakuna aliyemkosea. Amebanwa tu kutoka pande zote.

Lupa ya miaka ya 1930 ilikuwa na milango miwili ya kwanza bila ule wa tatu, maana shilingi haikuweza kupanda wala kushuka dhidi ya pauni. Kwa hiyo shinikizo lote lilipitia ujira na bei ya chakula. Hapa ndipo hadithi inapoachana na kitabu.

Lupa ni nchi kavu. Mchimbaji hali mchanga. Chakula cha maelfu ya watu kilipaswa kutoka mahali fulani, na barabara mbovu za wakati ule zilifanya chakula cha mbali kiwe ghali mno. Kwa hiyo mchele wa tambarare ya Kyela ulipata soko lake kubwa la kwanza kupitia dhahabu. Walowezi wa Iringa, waliokuja baada ya mwaka 1925 wakishawishiwa na Lord Delamere aliyetaka kuwe na ukanda wa Wazungu kutoka Kenya hadi Rhodesia, walikuwa wakizama katika madeni; Lupa iliwanunulia mahindi na nyama. Mnyakyusa wa Kyela aliuza mchele bila kuondoka kwake. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi Unyakyusa katika miaka hiyo kama watafiti, waliona jinsi fedha za dhahabu zilivyoingia hadi katika mahari, vijana wakinunua ng'ombe kwa ujira badala ya kumngoja baba.

Mbena wa Njombe hakuwa na mchele. Alikuwa na baridi, udongo mchovu na umbali. Alichoweza kukiuza Lupa kilikuwa nguvu zake, naye akaenda. Baadaye, mkonge uliporudi juu wakati wa Vita vya Pili na baada yake, ofisi ya kukusanya vibarua wa mkonge, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilijua pa kuwatafuta manamba: Njombe, na kwa kiasi fulani Iringa. Mashamba ya kwao yalilimwa na wanawake, wazee na watoto.

Neema ileile, basi, milima ileile, na matokeo mawili. Kwa mtazamo wangu lililoamua ni swali dogo kuliko nadharia zote: je, jirani ana kitu cha kuuza ambacho neema hiyo haiwezi kukileta kwa bei rahisi kutoka mbali? Aliye nacho hunenepa pamoja nayo. Asiye nacho hujiuza mwenyewe. Mfumaji wa karibu na njia ya misafara alishindwa kwa sababu merikani ilifika. Mkulima wa Kyela alishinda kwa sababu mchele wa Rangoon haukufika Chunya kirahisi.

Dhahabu yenyewe iliisha kwa namna ya ajabu. Marekani iliweka bei ya aunsi kuwa dola 35 mwaka 1934 na bei hiyo ikakaa hivyo hadi mwaka 1971. Mishahara ilipanda, mafuta yalipanda, vipuri vilipanda, dhahabu ikabaki palepale. Mgodi wa New Saza, uliokuwa mkubwa kuliko yote huko Lupa, ulianza kazi mwaka 1939 na kufungwa mwaka 1956. Geita ukafuata mwaka 1966. Chunya ikabaki na majengo yaliyochakaa, ikageukia tumbaku.

Shaba nitaipitia haraka. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya kusini, na mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa, juu ya barabara ya udongo iliyoua madereva wengi. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, barabara ya lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA, ambayo ilipita chini ya Udzungwa upande wa Kilombero na kuiruka Kilolo. Zambia ilipata zaidi ya tisini kwa mia ya fedha zake za kigeni kutokana na shaba, ikajenga miji, na kilimo chake kikawa ombaomba wa bajeti. Bei ilipoporomoka mwaka 1975, hapakuwa na zao la kuikamata. Na kabla ya hapo, vijana wa Mbeya na Tukuyu walikuwa wakisafirishwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodini, hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoufunga mlango ule. Unaweza kuuliza: Kilolo ilipata nini kutokana na shaba? Ilipata lami. Na lami si kitu kidogo. Bila barabara ile, nyanya ya Ilula ingeozea Ilula.

Tanzania ilirudi kwenye dhahabu mwaka 1998, mgodi wa Golden Pride ulipofunguliwa Nzega. Geita ukafufuka mwaka 2000, Bulyanhulu ukafunguliwa mwaka 2001, na muda si mrefu dhahabu ikazipita kahawa, pamba, chai na korosho katika mauzo ya nje. Je, tulipata ugonjwa wa Kiholanzi? Kwa sehemu kubwa hapana, na sababu yake haipendezi: fedha nyingi ya mgodi haikuingia nchini. Ilikwenda kwa mashine, kwa wanahisa, kwa mikopo ya ng'ambo. Ugomvi wa mwaka 2017 juu ya makinikia, yaani mchanga wenye madini uliosafirishwa nje, na kampuni ya Twiga iliyotokana na maridhiano yake ambamo serikali ina hisa 16 kwa mia, ulihusu hasa fedha ambayo haikubaki. Ni vigumu kuvimbiwa na chakula usichokula. Mtwara, kwa upande mwingine, ahadi peke yake ya gesi ilitosha kupandisha bei ya viwanja, na mwaka 2013 watu waliingia barabarani waliposikia kwamba gesi ingekwenda Dar es Salaam kwa bomba.

Sasa hali inabadilika. Mwaka 2025 aunsi ya dhahabu ilivuka dola 3,000, kisha 4,000. Chunya imechangamka upya. Soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019 linanunua kutoka kwa wachimbaji wadogo, na fedha hiyo, tofauti na ya migodi mikubwa, hubaki. Iko kwenye maduara ya kuchimbia, kwenye makarasha ya kusagia mawe, kwa mama ntilie, kwenye bodaboda, kwenye nyumba za wageni zinazoota Makongolosi. Huu ndio utajiri unaoweza kweli kuubana uchumi wa jirani. Miezi ya mwisho ya mwaka 2024 shilingi ilipanda sana dhidi ya dola, dhahabu ikiwa mojawapo ya sababu. Mjini watu walifurahi. Mkulima wa parachichi wa Njombe au wa chai ya Mufindi, ambaye mnunuzi wake hupiga hesabu kwa dola, alikuwa na sababu ya kuwaza vingine.

Lakini nilianzia Kilolo, na Kilolo nayo sasa ina mali asili yake inayovimba. Ukiacha barabara kuu pale Ipogoro na kupanda kuelekea Kidabaga, ardhi inageuka kijani cha aina moja: misindano na milingoti, kilima baada ya kilima. Ujenzi wa miji ulipandisha bei ya mbao, usambazaji wa umeme vijijini ukataka nguzo, na tangu miaka ya 2000 watu wa Dar es Salaam, wengi wao wenye mishahara na wasio na nia ya kuhamia, wakaanza kununua mashamba huku na kupanda miti. Makampuni nayo yakaja. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland, uliwafundisha wanavijiji kupanda vizuri zaidi. Mashine za dingidongi zinahama kutoka shamba hadi shamba zikipasua magogo papo hapo.

Sisemi miti ni balaa. Nimeona nyumba za bati jipya ambazo zisingejengwa kwa maharage. Ila tazama tofauti. Dhahabu na mkonge viliwavuta watu kutoka milima hii, na shamba likabaki likimngoja aliyeondoka, likilimwa na mkewe. Miti haimwondoi mtu. Inamwondolea shamba. Ekari iliyouzwa kwa bei ya mwaka 2008 ili kulipa ada au kununua pikipiki haina safari ya kurudi, na mti uliopandwa juu yake utakaa miaka 15 au zaidi kabla ya kukatwa inavyostahili. Wenye shida hukata mapema, mbao changa hujaa sokoni pamoja, na bei hushuka kwa wote, hata kwa aliyesubiri. Huko nyuma Iringa ilikuwa mojawapo ya mikoa minne iliyolilisha taifa mahindi, enzi za bei moja ya nchi nzima katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika baadhi ya vijiji vya Kilolo leo, unga hununuliwa dukani.

Na mikono? Ile kanuni ya Corden na Neary inafanya kazi hata katika kijiji ambacho hakijawahi kuwasikia. Msimu wa mbao, kijana mwenye nguvu anapakia lori na kulipwa siku hiyohiyo. Mama mwenye nusu ekari ya viazi anatafuta wa kumpalilia, anaambiwa ujira ambao viazi haviwezi kuulipa, analima mwenyewe. Lakini wapo pia waliopanda miti mipakani na kwenye miteremko mikali pekee, na kuyaacha maeneo ya tambarare kwa mahindi na viazi. Bei ya mbao iliposhuka, hao hawakulazimika kukata.